Jicho la Kushoto la Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu zako, na kwamba kile kifua kilichokusumbua majuzi kimekuachia. Binti yako mkubwa aliniambia umeanza tena kupanda ngazi bila kusimama katikati, nikafurahi sana. Mimi mwilini sijambo. Kazini tumehamishiwa chumba cha chini, masjala yote, mafaili na makabati na sisi wenyewe, na sasa taa inawaka mchana kutwa. Mwenzangu wa meza ya pili anasema tumezikwa tungali hai, ila kitabu cha mahudhurio bado tunasaini.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimeisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba jicho la kushoto la shemeji halijapata nafuu, kwamba daktari amesema huo ni ugonjwa wa macho unaokuja na umri, kwamba Alhamisi ya wiki ijayo atachomwa sindano ndani ya jicho lenyewe, na kwamba jicho la kulia nalo huenda likafuata njia hiyo hiyo. Umewapeleka watoto kupimwa kwa sababu uliambiwa ugonjwa huo hufuata damu. Na umekwisha kumpa fundi wa mtaa wa pili patasi zake ndogo, zile za kuchongea mihuri, ili asizione mezani akaumia.

Nakuomba uisome barua hii yote kabla ya Alhamisi, hata ukifika mahali ukatamani kuitupa. Ningeweza kupiga simu. Nimeishika simu mara mbili. Lakini kwenye simu mimi hulia na wewe hukata, na jambo lenyewe linataka maandishi kwa sababu daktari atahitaji kuyaona. Nitaandika kama ninavyoandika kwenye mafaili, jambo baada ya jambo. Usidhani ni moyo mgumu. Ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufika mwisho wa sentensi.

Shemeji hana ugonjwa wa umri. Jicho lake liliungua, nalo liliungulia kwangu, katika chumba changu cha nyuma, kwa mashine niliyoiunda mimi.

Chumba hicho unakijua. Kila ukija hukifungua, ukachungulia, ukakifunga tena. Umekiita jaa, umekiita makaburi ya redio, na mimi umenibatiza Mama Waya, jina ambalo sasa hata wapangaji wenzangu wananiita. Sikuwahi kukueleza kinachofanyika humo, kwa kuwa hukuuliza, nami nilichukulia kwamba asiyeuliza hataki kujua. Leo nitakueleza, maana bila hilo yaliyobaki hayataeleweka.

Miaka minne iliyopita nilianza kufungua mashine mbovu za kurekodia dividii. Ndani yake mna kitu kidogo, hakizidi punje ya njegere, chenye miguu mitatu myembamba kama sindano. Kinaitwa diodi ya leza. Ukikipa umeme kwa kipimo chake kinatoa mwanga mwembamba ulionyooka, na mwanga huo ukiukusanya kwa lenzi unachoma karatasi, unachoma mbao, unachoma mpira. Ukikizidishia umeme kidogo tu, kinakufa, na hakilii wala hakitoi moshi. Kinabaki kinang'aa kivivu kama tochi iliyoishiwa betri, nawe unaweza kukaa nusu siku ukidhani kosa liko kwingine.

Aliyenifundisha ni mstaafu mmoja wa mitambo ya redio, anakaa jirani na ofisi yetu, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa isiyofanana na kazi ndogo anayoifanya. Tunamwita Fundi Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Aliniambia adui wa kwanza wa diodi ni mwili wa yule anayeishika. Ukitembea juu ya zulia, ukivaa sweta la nailoni, unabeba umeme tuli bila kujua, ule unaokudunga kidoleni ukigusa kitasa cha mlango. Kwako wewe ni mdungo wa mara moja, kwa diodi ni radi. Kwa hiyo kabla ya kuigusa unavaa mkononi bangili yenye waya ulioungwa na ardhi, ili umeme wako ushuke uende zake. Sweta zangu zote za nailoni nilizigawa mwaka ule. Wewe ulidhani nimepata mchumba asiyezipenda.

Alinifundisha kuifunga miguu mitatu pamoja kwa uzi wa shaba mwembamba kama unywele kabla ya kulehemu, ili umeme ukipita ukute miguu imeshikana, usipate wa kumgombanisha na mwenzake. Chuma cha kulehemu kiwe safi, kiwe kimeungwa na ardhi, kiwe na moto wa kutosha. Unagusa mguu mmoja pamoja na waya wa risasi ya kulehemu, unahesabu moja, mbili, tatu, unainua. Unasubiri upoe mpaka uweze kuweka kidole, ndipo unaenda mguu wa pili. Alisema mwoga huunguza zaidi kuliko jasiri, kwa kuwa mwoga hutumia chuma kisicho na moto wa kutosha, kisha akakaa nacho hapo akibembeleza. Uzi wa shaba unaufungua mwisho kabisa. Na kile kisanduku cha kudhibiti umeme unakijaribu kwanza peke yake, na kapasita zake, vile vijipipa vinavyohifadhi umeme, unazikamua kabla ya kuunga chochote, maana kapasita ni kama bahili: huweka, huweka, halafu siku ya kwanza akimwona mgeni anatoa vyote kwa mkupuo.

Nimeua diodi saba katika kujifunza. Kila mara nilimpelekea Fundi Taratibu maiti kwenye kiberiti, naye akanipa pole kwa uso mkavu kisha akaniuliza ni hatua gani nimeiruka. Kulikuwa na hatua niliyoiruka kila mara.

Kuhusu macho hakusema taratibu. Alisema kamwe. Kamwe usiwashe bila miwani yake. Kamwe usiwashe pakiwa na kitu cha kung'aa mezani, kwa kuwa mwanga huu ukirudishwa na chuma una ukali ule ule. Kamwe usiwashe mbele ya mtu asiyejua. Jicho, alisema, lina lenzi yake, nalo litaukusanya mwanga huo kwenye nukta moja kabla kope haijapata habari.

Mwaka jana shemeji alinilalamikia kidole gumba. Ilikuwa wakati anachonga mihuri ya ofisi ya maji, na aliniambia siku hizi wateja wanaleta maandishi ya kompyuta yenye herufi ndogo kama sisimizi, na gumba lake likifika mstari wa pili linakataa. Hakukuambia wewe kwa sababu ungemfunga kitambaa na kumkataza kazi. Nikapata wazo. Nikasema nitaunda mashine itakayochonga zile herufi ndogo, naye amalizie kwa mkono, apige kingo, aweke urembo wake. Nilitafuta reli kwenye mashine mbovu za kuchapishia, nikapata mota mbili. Fundi Taratibu akanipa diodi ya buluu iliyotoka kwenye projekta iliyovunjika, yenye nguvu mara nyingi kuliko zile nyekundu nilizozizoea. Kazi ilinichukua miezi saba. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe jambo la kumshangaza.

Ile Jumamosi aliyokuja huku kufunga kibao cha duka la dawa ndiyo siku yenyewe. Asubuhi nilikuwa nimeilehemu ile diodi, na Dada, sijawahi kulehemu vizuri hivyo. Miguu yote mitatu iling'aa. Nilijaribu mara mbili peke yangu, mashine ikaandika. Saa sita na nusu shemeji akabisha hodi na mkoba wake wa vifaa, akanywa chai, akaulizia afya ya ukuta wangu unaovuja. Nikamwambia kuna kitu nataka akione kabla hajaondoka na basi la saa tisa.

Alisimama mbele ya mashine mikono nyuma, kama mkaguzi. Nilipomweleza kazi yake akacheka, akasema, "Kwa hiyo hii ndiyo itakayoninyang'anya tonge mdomoni?" Nikamjibu kwamba hii itamshikia kijiko tu. Nikampa miwani, nikavaa yangu, nikavuta pazia, nikawasha.

Mashine iliandika herufi ya kwanza kwenye kipande cha mbao, ya pili, ya tatu. Shemeji aliinama karibu. Alisogeza pua karibu zaidi, kama unavyojua afanyavyo anapoona kazi nzuri. Kando ya mbao palikuwa na rula ya chuma niliyopimia urefu wa lenzi asubuhi. Niliisahau hapo. Tena nilikosea kuiwekea mashine upana wa maandishi, kwa vidole viwili hivi, kwa hiyo ilipofika mwisho wa mstari haikugeuka. Ilipita ukingo wa mbao, ikapita juu ya rula.

Mwanga uliruka. Shemeji alirudi nyuma akagonga kabati. Nilichomoa waya ukutani. Alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa akitabasamu, akaniuliza, "Umenipiga picha?"

Tulidhani ni kama taa ya kamera, kwamba doa litafifia. Alinawa uso, akakaa kwenye kiti changu, tukangoja. Basi la saa tisa likamwacha. Saa kumi alifumba jicho la kulia akatazama nondo za dirisha, akasema zimepinda katikati kana kwamba mtu amezisukuma kwa goti. Kisha akageuka akanitazama mimi. Akasema, "Naona masikio yako. Wewe mwenyewe haupo."

Nilimwambia twende hospitali saa ile ile. Alikataa. Nilimshika mkono, akautoa. Alisema kosa ni lake. Alisema nilimwambia waziwazi asivue miwani, naye aliiinua kidogo kufuta jasho la pua, na mwanga ukampata hapo hapo. Mtu mzima ameonywa mara moja na hakusikia, sasa akamlaumu nani? Tena alisema wewe hutanisamehe. Alinikumbusha kwamba ulinibeba mgongoni ukiwa mtoto mwenyewe, mama alipofariki, na kwamba hajaona ndugu wawili kama sisi, na hataki jicho lake liwe ndilo lililotutenganisha. Tukakubaliana kusema kwamba jicho lilianza kumsumbua ndani ya basi. Tukapanga hata alikuwa amekaa upande gani. Akaondoka na basi la saa kumi na moja.

Baadaye aliniambia kwamba daktari wenu alimuuliza moja kwa moja kama amewahi kutazama jua, au mwanga wa kuchomelea vyuma, au leza. Akajibu hapana, hapana na hapana. Sasa usimlaumu daktari. Aliuliza swali sahihi akapewa jibu la uongo, akafuata njia iliyobaki.

Barua yako iliponifikia, kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa daktari wa macho wa huku. Sikutaja jina la mtu, lakini mashine nilimweleza yote, rangi ya mwanga, nguvu yake, umbali. Alichora jicho nyuma ya karatasi ya dawa. Alisema kuungua kwa namna hii ni kovu, na kovu halihami. Haliendi jicho la pili, wala halirithiwi na watoto. Kuhusu sindano hakusema inafaa wala haifai. Alisema hawezi kuhukumu jicho ambalo hajaliona, kwamba mara nyingine palipoungua huvuja na kutaka dawa, mara nyingine pana tundu la kuzibwa, na mara nyingine ni kuacha tu. Lakini anayeshika sindano lazima ajue anachokitibu. Kisha aliniuliza zimepita siku ngapi. Nikamwambia sitini na sita. Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano nilimpigia shemeji karakanani, nikamwambia nitakuandikia. Aliniomba nisifanye hivyo. Alisema, "Niache na sindano yangu, shemeji. Sindano ni ya siku moja, dada yako ni wa kila siku." Nilicheka, Dada, Mungu anisamehe, na nusura nimkubalie. Kilichonizuia ni zile patasi. Aliniambia ulipozitoa alikuwepo, alikaa kwenye kigoda chake akakutazama ukizifunga kwenye gazeti moja moja, akakushukuru. Mtu anajua jicho lake la kulia ni zima, anajua mkono wake ni mzima, na anazitazama zana zake zikitoka mlangoni kwa ajili ya ugonjwa asiokuwa nao. Hawezi kuzidai bila kusema kwa nini. Anajifanya mgonjwa nyumbani kwake mwenyewe ili mimi nibaki mdogo wako.

Kama yeye angekuwa anaandika barua hii, angeishia hapo. Lakini kuna jambo ambalo hata yeye halijui, na hilo ndilo lililonifanya niandike mwenyewe badala ya kumwachia.

Miwani hizi si kama za jua, kwamba nyeusi huzuia kila kitu. Kila miwani huzuia rangi yake, kama ufunguo na kufuli yake. Ya kuzuia mwanga wa buluu ina vioo vya rangi ya chungwa. Ya kuzuia mwanga mwekundu ina vioo vya buluu, na mwanga wa buluu huipita kama maji yanavyopita kwenye chujio. Nilikuwa na miwani mbili. Ya buluu ilikuwa ya zamani, ya zile diodi nyekundu za mwanzo. Ya rangi ya chungwa ilikuwa moja tu. Nyingine nilikuwa nimeagiza, ilifika Jumatano iliyofuata.

Nilivaa ya rangi ya chungwa mimi. Yeye nilimpa ya buluu.

Nilijua, Dada. Sikuchanganya, sikusahau. Nilipokuwa nazishika mkononi zote mbili nilijua ipi inafaa na ipi ni pambo. Nilijiambia atasimama mbali, ni dakika mbili tu, mwanga unatazama chini. Nilijiambia yule anayefanya kazi ndiye aliye karibu zaidi, kwa hiyo ndiye mwenye haki ya miwani. Ningeweza kumwambia asubiri nje ya mlango aje aone herufi zikiisha. Ningeweza kungoja Jumatano. Lakini angeondoka, na nilitaka aione ikiwaka. Nilitaka arudi nyumbani akuambie kwamba kile chumba si jaa. Hilo tu. Silisemi ili nikutupie lawama; hukunifanyia lolote. Nakuambia bei niliyoipanga kwa jicho la mume wako, na ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Na kuhusu kufuta jasho: ni kweli aliinua miwani. Aliinua wakati wa herufi ya pili, akaishusha. Mwanga uliporuka miwani ilikuwa usoni pake, imekaa sawasawa puani. Niliona. Nilikuwa namtazama yeye wala sitazami mbao, kwa kuwa nilitaka kuuona uso wake. Niliona nukta ya mwanga, iliyofifishwa na vioo vyangu, ikitua kwenye kioo chake cha kushoto, na kioo hakikuizuia hata kidogo. Alinitii. Alifanya kila nililomwambia. Mshtuko ndio uliomchanganyia kumbukumbu, na mimi sikumsahihisha.

Kwa zaidi ya siku sitini na sita nimemwacha aamini kwamba alijiumiza mwenyewe. Mara mbili ameniomba radhi kwenye simu, kwamba amenitia katika uongo kwa uzembe wake. Mara mbili nimempokelea radhi hiyo. Mara ya pili nilimwambia yaliyopita si ndwele.

Fundi Taratibu nimemweleza jana. Alisikiliza akiwa amesimama. Hakuniuliza ni hatua gani nimeiruka. Aliniuliza mtu huyo ana watoto wangapi, nikamjibu, akaingia ndani akafunga mlango wake taratibu.

Ungeniuliza kama nimeivunja ile mashine. Sijaivunja. Wiki mbili baada ya siku ile niliifanyia boksi la bati lenye kifuniko, na kifuniko kikiinuliwa umeme unakatika, na nikaiwasha tena. Najua hili litakuudhi kuliko mengine. Ningeweza kulificha, lakini nimechoka kuchagua cha kukuonyesha. Mkono wangu ukishika kazi ile unatulia, na sijui la kufanya na ukweli huo.

Sasa nakuomba mambo manne. Karatasi ya pili iliyomo ndani ya bahasha hii mpe daktari. Nimeandika rangi ya mwanga, nguvu ya diodi, umbali wa kichwa cha shemeji kutoka kwenye rula, tarehe na saa, na aina ya miwani. Mpe mapema uwezavyo, usingoje Alhamisi. Jambo la pili, waambie watoto macho yao hayana deni la mtu, wasiogope kila wanapofikicha. La tatu, kazirudishe patasi. Yule fundi ni muungwana, akielezwa ataelewa. Na hata jicho moja likibaki na doa, nimeona wachongaji wakifumba jicho moja makusudi ili kuona mstari. La nne, msomee shemeji ile sehemu ya miwani. Usimpe asome mwenyewe, msomee wewe, kwa sauti, ili asiweze kuiruka. Atajaribu kunitetea. Usimkubalie.

Barua nampa karani wa mizigo wa basi la asubuhi, ninafahamiana naye, atakukabidhi mkononi Jumamosi. Mimi mwenyewe nitakuja Jumatano. Nitalala kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, usinitandikie kitanda. Alhamisi saa mbili nitakuwa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Ukinipita bila kunisalimu sitakushika nguo wala sitakufuata kwa maneno. Lakini daktari akiuliza ilikuwaje, msijibu ninyi. Niiteni niingie.

Nisalimie binti yako mkubwa na wadogo zake, na jirani yako wa mlango wa kijani anayeniuliziaga kila mara. Jikinge na baridi ya asubuhi, kifua kikikuachia husahau upesi njia ya kurudi ukikitunza. Shemeji usimpe salamu zangu kwanza. Msomee kwanza, halafu yeye mwenyewe aseme kama anazitaka.

Ni mimi, mdogo wako.